Orodha ya zuio ya kwenu: namna ya kuiunganisha na lango la barua pepe la ofisi

Ankara ya uongo haihitaji ujanja mwingi ikiingia ofisini msimu wa pamba. Soko likishafunguliwa mwezi Mei, mhasibu wa kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bariadi anapokea kwa siku moja madai ya magunia, ya dizeli, ya malori yanayotoka Maswa na Meatu, na barua za vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, zinazoulizia fedha za wakulima. Barua moja yenye namba ya akaunti iliyochezewa ikijipenyeza humo, mtu aliyechoka anaweza kuilipa kabla ya saa kumi jioni. Kazi ya kuizuia inaanzia mlangoni, kabla mhasibu hajaiona, na sehemu kubwa ya kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe bila kununua kitu kipya.

Makala haya yanamlenga fundi wa TEHAMA wa ofisi yenye kikoa chake na seva yake ya barua pepe: kiwanda, hospitali ya taasisi ya dini, shirika lisilo la kiserikali, chuo, chama kikuu cha ushirika. Halmashauri na taasisi za umma hazimo, kwa kuwa zina mfumo wa barua pepe wa Serikali, GMS, ulio chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na ulinzi wake haushughulikiwi Bariadi. Nachukulia pia kwamba mbele ya seva yako umeweka Proxmox Mail Gateway, programu huria inayokaa juu ya Debian na kuridhika na kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 4. Kama unatumia Postfix peke yake mambo ni yale yale. Utaandika kwenye faili la main.cf badala ya kujaza fomu kwenye kivinjari.

Orodha za zuio za DNS zinafanya kazi kwa njia nyepesi sana. Seva yenye anwani 192.0.2.15 inapobisha hodi, lango linazigeuza namba hizo nne kinyumenyume zikawa 15.2.0.192, linaongeza jina la orodha mwishoni, kisha linauliza DNS kama jina hilo lipo. Likipata jibu la 127.0.0.2 au jingine la jamii hiyo, anwani imo kwenye orodha. Likiambiwa jina halipo, mgeni anapita. Wakati huo barua yenyewe bado haijatumwa. Kiambatisho cha MB 10 kinakataliwa kikiwa bado kwa mtumaji, na kwa ofisi inayolipia intaneti kwa bando hilo si jambo dogo.

Paul Vixie alianzisha orodha ya kwanza ya namna hii mwaka 1997. Spamhaus ya Steve Linford ikafuata mwaka 1998, na mpaka leo orodha yake ya ZEN ndiyo wanayoanza nayo mafundi wengi. Lakini kutegemea orodha za mbali peke yake kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha: orodha nazo hufa, na nyingine zikifa zinakuvuta. ORDB ilifungwa Desemba 2006; Machi 2008 ikaanza kujibu kwamba kila anwani duniani imo, ili mafundi waliosahau kuiondoa washtuke. Tarehe 31 Januari 2021 kikoa cha SpamCop kiliachwa kikaisha muda, na seva nyingi zikakataa barua halali za watu wasio na hatia. SORBS ilifungwa Juni 2024. Fundi wa Bariadi hana sauti kwenye maamuzi hayo. Orodha anayoitawala ni ile iliyo kwenye mashine yake.

Anza na anayeuliza

Kabla ya kutunga orodha yako, rekebisha njia ambayo lango linauliza maswali. Mashine nyingi ninazoziona zimewekewa 8.8.8.8 ya Google kama seva ya DNS, kwa sababu fundi aliizoea kwenye ruta. Kwa kufungua tovuti haina neno. Kwa barua pepe haifai, maana Spamhaus haijibu maswali yanayopitia seva za umma zinazotumiwa na kila mtu. Badala ya jibu inarudisha namba ya kosa, 127.255.255.254. Lango lisiloelewa namba hiyo linaweza kuichukua kama jibu la "yumo", na hapo kila mtu anafungiwa.

Weka Unbound kwenye lango lenyewe:

    apt install unbound

Halafu ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya mtandao wa Proxmox, futa 8.8.8.8, andika 127.0.0.1. Ukimaliza, zima na uwashe Postfix. Usiruke hatua hiyo: kwenye Debian, Postfix huweza kuwa na nakala yake ya faili la resolv.conf, na isipoanzishwa upya itaendelea kuuliza kule kwa zamani huku wewe ukiamini umemaliza. Sasa jaribu:

    dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org

Anwani 127.0.0.2 ni ya majaribio. Kwa mwongozo wa RFC 5782 wa mwaka 2010, kila orodha ya anwani za kawaida lazima iwe nayo daima, na 127.0.0.1 isiwemo kamwe. Ukiona majibu kama 127.0.0.2 na 127.0.0.4, njia ni safi. Ukiona bado 127.255.255.254, kuna uwezekano kwamba ruta au mtoa huduma wako wa intaneti anayakamata maswali yote ya DNS na kuyapeleka kwenye seva yake. Muulize. Akishindwa kukufungulia, jiandikishe Spamhaus upewe ufunguo wako wa kuulizia, unaofanya kazi hata kupitia seva ya mtu mwingine. Kiwanda au kampuni isome pia masharti yao, kwa kuwa matumizi ya bure yana mipaka na ya kibiashara yana taratibu zake.

Kutunga orodha yenyewe

Watu wengi wakisikia "orodha ya ndani" wanakimbilia kuweka programu ya rbldnsd. Ni nzuri, nitaifikia, lakini kwa ofisi moja yenye anwani thelathini za kuzuia ni mzigo usio na sababu. Unbound uliyokwisha kuiweka inaweza kujibu yenyewe. Chagua jina ambalo halitagongana na kikoa cha mtu. Mimi napendekeza mwisho wa .internal, ambao ICANN iliutenga mwaka 2024 kwa matumizi ya ndani ya mitandao ya watu. Tengeneza faili /etc/unbound/unbound.conf.d/zuio.conf, uandike hivi:

    server:
      local-zone: "zuio.internal." static
      # ya majaribio, isifutwe
      local-data: "2.0.0.127.zuio.internal. 300 IN A 127.0.0.2"
      # 14 Mei: ankara bandia ya dawa za pamba. Kuangaliwa 14 Agosti. Ameweka: fundi wa zamu
      local-data: "15.2.0.192.zuio.internal. 300 IN A 127.0.0.2"

Anwani nilizotumia hapa, ukiacha ile ya majaribio, zimetengwa kwa mifano ya vitabuni, usizinakili kama zilivyo. Ukitaka kuzuia kundi zima la anwani 256, mathalani 198.51.100.0 hadi 198.51.100.255, huna haja ya mistari 256:

      local-zone: "100.51.198.zuio.internal." redirect
      local-data: "100.51.198.zuio.internal. 300 IN A 127.0.0.2"

Angalia namna namba zilivyopinduliwa. Hapo ndipo makosa mengi yanapotokea: fundi anaandika anwani ilivyo, anasahau kuigeuza, kisha anashangaa kwa nini barua bado zinaingia. Akikosea vibaya zaidi, anazuia mtandao wa nchi nyingine asioujua.

Endesha unbound-checkconf kwanza. Ikinyamaza bila kosa, anzisha Unbound upya, kisha uliza mara mbili:

    dig +short 2.0.0.127.zuio.internal
    dig +short 1.0.0.127.zuio.internal

La kwanza lirudishe 127.0.0.2. La pili lisirudishe kitu. Yote mawili yakirudisha jibu, usiendelee hata hatua moja, maana orodha yako inasema "yumo" kwa kila mtu.

Sasa nenda kwenye mipangilio ya Mail Proxy, sehemu ya Options, kwenye kisanduku cha DNSBL Sites. Andika:

    zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]*3,zuio.internal=127.0.0.2*1

Kizingiti, DNSBL Threshold, kiwe 3. Namba baada ya nyota ni uzito wa ushahidi wa kila orodha. Uzito ukijumlishwa na kufika kwenye kizingiti, mlango unafungwa. Sehemu iliyo baada ya alama ya = ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Inaliambia lango likubali majibu ya aina hiyo tu. Aliyekuwa ameiandika mwaka 2021 hakuathirika na balaa la SpamCop, kwa sababu majibu yaliyokuwa yanarudi hayakuwa ya jamii ya 127.

Utaona orodha yetu nimeipa uzito wa 1 tu, usiotosha kumzuia mtu peke yake. Hiyo ni makusudi. Kwa wiki ya kwanza iache itoe ushahidi bila kuhukumu. Kila anwani iliyomo ikibisha hodi, kumbukumbu za seva zitaandika:

    grep "listed by domain zuio.internal" /var/log/mail.log

Soma mistari hiyo kila asubuhi, uifananishe na barua zilizoingia. Ukiona humo seva ya benki au ya mnunuzi wa pamba, umepata nafasi ya kuitoa kabla haijaleta hasara. Wiki ikipita salama, panda kutoka 1 hadi 3. Kuanzia hapo orodha yako inazuia kweli. Tena usishtuke anwani uliyoiongeza sasa hivi ikiendelea kupita kwa muda: lango hukumbuka waliopita mtihani, na kwa mpangilio wa kawaida kumbukumbu hiyo inaweza kudumu hadi saa moja.

Nani aingie, nani asiingie

Hapa ndipo penye kazi. Mistari ya Unbound mtu yeyote anaweza kuiandika. Uamuzi wa nani awekwe unahitaji kichwa kilichotulia.

Chukua barua ya kitapeli, fungua maelezo yake kamili ya kichwani, utafute mistari inayoanza na Received. Iko mingi. Unaouamini ni ule ulioandikwa na lango lako mwenyewe, na kwa kawaida uko juu karibu na mwanzo. Ile ya chini inaweza kuwa imetungwa na tapeli ili kukupoteza. Mathalani:

    Received: from mail.example.net (unknown [192.0.2.15]) by lango.example.org

Anwani iliyo ndani ya mabano ya mraba ndiyo iliyobisha hodi kwako. Neno unknown linaonyesha kwamba DNS haikuthibitisha jina la mashine hiyo. Seva ya heshima mara nyingi haikosi uthibitisho huo. Ichukue anwani uipeleke kwenye amri ya whois ujue ni ya nani na iko wapi.

Ukikuta ni ya Google, Microsoft au Yahoo, simama hapo hapo. Usiiweke. Orodha ya namna hii inazuia mashine, haimzuii mtu. Tapeli aliyejifungulia akaunti ya Gmail anatumia mashine zile zile zinazotumiwa na katibu wa AMCOS, na mwalimu anayeandika kutoka Mwanhuzi, na mgonjwa anayeulizia majibu yake. Ukizizuia, umefunga barua za nusu ya watu unaowahudumia kwa kosa la mmoja. Kwa mtu wa aina hiyo tumia kanuni za Mail Filter ndani ya Proxmox, uzuie anwani yake ya barua pepe au kikoa anachodai kutokea. Na kwa ankara za kubadilisha akaunti hakuna mtambo unaoshinda utaratibu wa ofisi: mhasibu ampigie simu mdai kwa namba iliyokuwa kwenye faili tangu mwanzo, asitumie ile iliyoandikwa kwenye barua.

Anwani zinazostahili kuingia ni za mashine zisizo na kazi nyingine ya maana kwako: seva iliyokodiwa nchi ya mbali inayotuma matangazo ya mikopo kila usiku, tovuti iliyovamiwa inayomwaga barua za "kifurushi chako kimekwama forodhani", kampuni ya matangazo isiyosikia ombi la kujitoa. Kundi zima la anwani 256 liingize pale tu ulipokwisha kupigwa na kadhaa za humo, na whois ikathibitisha kuwa mwenyewe ni mmoja. Mitandao ya simu usiiguse kabisa. Mamia ya wateja hutoka kwa anwani moja, na ZEN tayari ina sehemu yake ya kuzuia anwani zisizopaswa kutuma barua moja kwa moja.

Kuna mpangilio mmoja unaoharibu kila kitu nilichokieleza. Kama barua zako zinapokelewa kwanza na seva ya kampuni uliyokodi huduma, ndipo zinaletwa kwenye lango lako, basi kila barua itaonekana imetoka kwa kampuni hiyo. Ukiweka anwani yake kwenye orodha utapoteza barua zote. Hakikisha rekodi ya MX ya kikoa chako inaelekeza kwenye lango lenyewe kabla ya kuanza.

Kama kwenye mfano wa zuio.conf, kila mstari uwe na sababu na tarehe ya kuangaliwa. Ninasisitiza. Anwani za intaneti hubadilisha mikono. Mashine iliyokuwa ya tapeli mwezi Mei inaweza mwezi Septemba kukodiwa na hospitali. Miezi mitatu inatosha kwa anwani moja moja. Ikifika, toa mstari, na mhusika akirudia mrudishe. Orodha isiyopunguzwa hugeuka kuwa kaburi la barua za watu, na fundi anayekuja baadaye hatajua ni ipi aiguse.

Wale wasiokosewa

Upande wa pili wa kazi ni kuwahifadhi wale ambao ukiwakosa ofisi inaumia. Taarifa ya zabuni kutoka NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, ikikataliwa mlangoni, kampuni inakosa zabuni. Vivyo hivyo barua za Bodi ya Pamba, za TRA, za benki yenu, za mnunuzi wa nyuzi aliyeko Dar es Salaam. Seva ya mmoja wao inaweza siku moja kuingia ZEN kwa bahati mbaya. Tengeneza zoni ya pili kwa mtindo ule ule, uiite ruhusa.internal, uweke humo anwani za seva zao ulizozisoma kwenye barua halali, kisha uiongeze kwenye kisanduku ikiwa na uzito hasi:

    ruhusa.internal=127.0.0.2*-6

ZEN ikitoa 3 na ruhusa ikiondoa 6, jumla haifiki kizingiti na barua inapita. Inapita mlango huo tu. Uchunguzi wa virusi na wa maudhui ndani ya Proxmox unaendelea kama kawaida, kwa hiyo hujampa mtu hati ya kuingia na chochote. Zoni hii nayo inahitaji uangalizi wake: taasisi zikihamisha seva, anwani ya zamani iondolewe.

Umeme ukikatika na kurudi, zoni zako zote mbili ziko kwenye faili na zinajibu tangu sekunde ya kwanza, hata intaneti ikiwa bado haijatulia. Orodha za nje zisipojibu, lango huchukulia kwamba mgeni hayumo na kumpitisha. Ndivyo inavyotakiwa. Afadhali barua taka kumi ziingie kuliko barua moja ya mkulima irudishwe.

Orodha ikikua

Mistari ikifika mamia, au ofisi zaidi ya moja zikitaka kuitumia, hapo rbldnsd inastahili. Ni programu ndogo ya Michael Tokarev iliyotengenezwa kwa kazi hii pekee. Faili lake ni jepesi, na anwani unaziandika zilivyo bila kuzigeuza:

    :127.0.0.2:Imezuiwa na orodha ya ndani
    127.0.0.2
    192.0.2.15
    198.51.100.0/24
    !198.51.100.7

Alama ya mshangao inamtoa mmoja ndani ya kundi lililozuiwa. Faili likibadilika, rbldnsd hulisoma upya yenyewe ndani ya dakika moja. Iendeshe kwenye 127.0.0.1, mlango wa 5300, halafu ndani ya Unbound futa mistari yote ya local-zone na local-data ya zuio.internal, uweke badala yake:

    server:
      do-not-query-localhost: no
      domain-insecure: "zuio.internal"
    stub-zone:
      name: "zuio.internal"
      stub-addr: 127.0.0.1@5300

Mstari wa domain-insecure usiuache. Unbound huhakiki saini za DNS, na kwa kuwa .internal haimo kwenye mzizi wa intaneti, bila mstari huo majibu ya orodha yako yatatupwa kama ya kughushi na hutaona kosa lolote, isipokuwa barua taka zinazoendelea kuingia. Rudia yale majaribio mawili ya dig.

Faili la namna hii linaweza kusafiri kati ya ofisi kwa rsync kila usiku. Matapeli wanaomwandikia mhasibu wa Bariadi wanaweza kesho yake kumwandikia wa Maswa, wa Mwanhuzi, wa Lagangabilili na wa Nyashimo, na kila fundi anahangaika peke yake na anwani ambayo jirani yake alishaijua juzi. Mnachobadilishana kiwe anwani, tarehe na sababu kwa maneno machache. Barua zenyewe na majina ya walioandikiwa yabaki ofisini, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu ninyi kama inavyowahusu wengine. Tukio kubwa, lenye fedha zilizopotea, lipelekwe polisi na TZ-CERT iliyo chini ya TCRA. Kama unaendesha seva ya barua pepe popote mkoani Simiyu, mtafute fundi wa ofisi ya jirani wiki hii, mkubaliane nani anaruhusiwa kuongeza mstari na nani anautoa, mkabidhiane anwani zenu za kwanza.